Elimu ya Siri na Msalaba wa Hadharani

Mnamo Desemba 1945, wanakijiji waliokuwa wakichimba udongo wa kurutubishia mashamba karibu na mji wa Nag Hammadi, kusini mwa Misri, walikuta mtungi uliofukiwa. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya mafunjo vilivyojalidiwa kwa ngozi. Vinahesabiwa kuwa vitabu 13, vyenye maandiko 52 kwa lugha ya Kikopti, machache yakiwa yamerudiwa, na leo vinatunzwa katika Makumbusho ya Kikopti mjini Cairo. Mengi ya maandiko hayo ni ya Wagnosi, watu wa karne za kwanza za Ukristo waliofundisha kwamba mtu huokolewa kwa maarifa ya siri. Kabla ya hapo tuliwajua hasa kupitia maandishi ya watu waliowapinga. Sasa tunaweza kuwasikia wakisema wenyewe.

Tangu maandiko hayo yatafsiriwe, swali moja halikomi: Je, Kanisa lilituficha kitu? Naliheshimu swali hili, kwa sababu mara nyingi anayeliuliza anamtafuta Mungu kwa moyo wake wote. Lakini mtu akiyafungua maandiko yenyewe, usiri anaukuta huko huko. Injili iitwayo ya Tomaso inaanza kwa kutangaza kuwa ina maneno ya siri, na kwamba atakayeipata maana yake hataonja mauti. Uzima, kwa mtazamo huo, unamngoja mwenye kufumbua fumbo. Asiyeweza kulifumbua hana chake.

Hapo ndipo tofauti yenyewe inapoanzia. Gnosis ni neno la Kiyunani lenye maana ya ujuzi au maarifa, na hakuna dhambi ndani ya neno hilo. Klementi wa Aleksandria, mwalimu Mkristo wa mwisho wa karne ya 2, alimwita Mkristo aliyekomaa kuwa ndiye mgnosi wa kweli. Wakristo hawakugombana na maarifa. Waligombana na madai kwamba maarifa fulani, waliyopewa wachache kwa siri, ndiyo yanayookoa, na kwamba ulimwengu huu pamoja na miili yetu ni kosa lililofanyika kwa bahati mbaya.

Vikundi vya Wagnosi vilikuwa vingi na havikufundisha jambo moja. Nichukue shule ya Valentinus, mwalimu hodari aliyefundisha mjini Roma katikati ya karne ya 2. Walisema kwamba juu kabisa kuna Mungu asiyefahamika, naye amezungukwa na nguvu za milele 30 ziitwazo eoni. Ya mwisho kati ya hizo, Sofia, yaani Hekima, ilitamani kumfahamu Baba kupita kiasi chake ikaanguka. Kutokana na anguko hilo akatokea muumba wa chini, naye akaumba dunia hii bila kujua kwamba kuna aliye juu yake. Huyo, walisema, ndiye anayesimuliwa katika Mwanzo. Wanadamu nao wakagawanywa makundi matatu: watu wa roho, ambao wokovu wao ni hakika; watu wa nafsi, ambao ndio Wakristo wa kawaida; na watu wa udongo, wasio na tumaini lolote.

Tusiharakishe kuwacheka. Hadithi hii ndefu ilijaribu kulijibu swali linalomuuma kila mtu: uovu umetoka wapi? Mtu akiona mtoto anakufa kwa maumivu, ni rahisi kusema aliyeiumba dunia hii hakuwa mwema, au hakujua alifanyalo. Jibu hilo linapunguza uchungu kwa muda. Gharama yake, hata hivyo, ni kubwa mno: mwili wa mtoto yule unakuwa si kitu, gereza tu lililovunjika, na machozi ya mama yake yanakuwa ujinga wa mtu ambaye hajaamka.

Imani ya Kikristo haikuweza kulipokea jibu hilo. Ukurasa wa kwanza wa Biblia unasema Mungu alikiona kila kitu alichokifanya, na tazama, ni chema sana. Yohana anaandika kwamba Neno alifanyika mwili. Angeweza kuandika kwamba alivaa umbo, au kwamba alionekana kama mtu, lakini hakuandika hivyo. Katika waraka wake wa kwanza anataja tena macho yaliyoona na mikono iliyopapasa, kwa sababu tayari walikuwapo waliokana kwamba Yesu Kristo alikuja katika mwili. Basilides wa Aleksandria, kwa kadiri Ireneo, askofu wa Lyon wa karne ya 2, anavyoyaeleza mafundisho yake, alidai kwamba aliyesulibiwa ni Simoni wa Kirene, huku Yesu amesimama kando akicheka.

Jibu ninalolipenda kuliko yote ni la Ignasi, askofu wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2. Alikuwa amefungwa minyororo, askari wakimpeleka Roma atupwe kwa wanyama wakali. Njiani aliwaandikia Wakristo wa Smirna: ikiwa Bwana aliyatenda haya kwa kuonekana tu, basi na mimi nimefungwa kwa kuonekana tu. Mtu aliyeihisi pingu kwenye kifundo cha mkono wake hakuwa na haja ya hoja nyingine. Kama Kristo hakuumia kweli, hakuna aliyewahi kuumia pamoja nasi.

Mtume Paulo alikutana na ugonjwa wa jirani na huu huko Korintho, miongo mingi kabla ya Valentinus. Wakorintho walipenda ufasaha, walijigawa kwa majina ya walimu, na wenye ujuzi waliwadharau ndugu zao dhaifu. Paulo akawaambia, "Ujuzi huleta majivuno, bali upendo hujenga." Hekima ya dunia anayoipinga si hesabu wala tiba wala falsafa, na Paulo mwenyewe alikuwa msomi. Anapinga hekima inayojipima kwa kujiinua juu ya wengine, ambayo ikiutazama msalaba inaona upuzi. Msalaba ulisimamishwa nje ya mji, mahali pa watu kupita, na anwani juu yake kwa lugha tatu. Hauna siri ya kuuza.

Agostino, aliyekuja kuwa askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa huko Afrika Kaskazini, aliionja njaa hiyo ya ujuzi ujanani mwake. Kwa takriban miaka tisa aliwafuata Wamani, dini iliyofanana sana na Ugnosi, kwa sababu walimwahidi kwamba hataambiwa aamini kabla ya kuelezwa. Kila alipouliza jambo gumu aliambiwa amngoje Fausto, mwalimu wao mkubwa. Fausto alipofika Karthago, Agostino alimkuta mtu mpole, mwenye ulimi mtamu, ambaye alikiri kwamba maswali ya nyota na majira hayawezi. Agostino alimsifu kwa ukweli huo. Lakini ahadi ya kujua yote ilikuwa imekwisha.

Kwa hiyo ukikutana leo na mafundisho yanayotolewa ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikidai ada au kiapo, yakikuhakikishia kwamba wewe ni wa aina nyingine kuliko waumini wenzako, uliza yanasema nini kuhusu mwili wa Kristo na mwili wa jirani yako mgonjwa. Usiridhike kwa kuwa yanataja Yesu, neema na Roho. Ireneo, aliyeandika vitabu vitano dhidi ya Wagnosi mnamo mwaka 180, alilalamika kwamba wanatumia maneno yale yale ya Kanisa. Akatoa mfano wa picha ya mfalme iliyopangwa kwa vito: mtu anavitawanya vito vile vile, anavipanga upya iwe sura ya mbweha, kisha anawaambia wasiomjua mfalme kwamba ndiye huyu.

Hoja yake nyingine ilikuwa nyepesi kueleweka. Kama mitume wangekuwa na mafumbo ya siri, alisema, wangewapa kwanza wale waliowakabidhi makanisa. Naye alimjua mmoja wao: utotoni alimsikiliza Polikarpo, askofu wa Smirna, aliyewahi kukaa na watu waliomwona Bwana. Polikarpo hakunong'ona, alifundisha mbele ya wote. Ireneo aliandika pia kwamba yako mataifa mengi yasiyojua kusoma, ambayo wokovu umeandikwa mioyoni mwao bila karatasi wala wino. Aliwajua watu wa namna hiyo. Mwanzoni mwa kitabu chake anamwomba msomaji asitarajie ufasaha kutoka kwake, kwa kuwa anaishi kati ya Wakelti, na siku nyingi anasema lugha yao.