Wale mafundi 11 hawakuwa juu ya Empire State

Kwa kinyozi wangu pale Kirumba, Mwanza, ukutani imebandikwa ile picha maarufu: mafundi 11 wamekaa juu ya boriti ya chuma, miguu inaning'inia, wanakula kana kwamba wako kwa mama lishe. Kila anayesubiri zamu husema ni kumbukumbu ya ujenzi wa Empire State, New York.

Sivyo. Empire State lilianza kujengwa Machi 1930 na kuzinduliwa tarehe 1 Mei 1931. Picha hii ilipigwa tarehe 20 Septemba 1932, wakati jengo hilo lina zaidi ya mwaka tangu lifunguliwe. Boriti tupu ingetoka wapi? Mafundi hao walikuwa ghorofa ya 69 ya jengo la RCA, katika Rockefeller Center, mji huohuo.

Nadhani mkanganyiko unatokana na Lewis Hine, aliyepiga picha nyingi za mafundi wa Empire State. Hata hii wengi humpa yeye, kimakosa.

Mafundi walikuwa wa kweli, na kimo kile pia. Ila mlo wenyewe ulipangwa kwa ajili ya kulitangaza jengo. Hilo kinyozi wangu bado hajalikubali.