Kwa nini valvu moja ikiungua, redio nzima huzimika?

Je, wajua kuna redio za zamani zenye valvu tano (zile chupa za kioo zilizotumika kabla ya transista), ambazo valvu moja ikiungua, zote tano huzimika pamoja? Ni zile ndogo za mezani zilizotapakaa Marekani miaka ya 1940, wenyewe wakaziita All American Five.

Jibu limeandikwa kwenye valvu zenyewe. Fungua kifuniko cha nyuma usome: 12SA7, 12SK7, 12SQ7, 50L6, 35Z5. Namba ya mwanzo hukutajia, kwa kukadiria, volti za kupasha moto filamenti, yaani waya mwembamba wa ndani, ya valvu hiyo. Sasa jumlisha: 12 mara tatu, 50, kisha 35. Ni 121. Na umeme wa majumbani kule ulikuwa kama volti 117! Mafundi wakaziunga filamenti zote mfululizo, wakaziwasha moja kwa moja kwa umeme wa ukutani. Transfoma ya kubadili volti, ambayo ni nzito na ghali, haikuhitajika tena. Kwangu mimi hii ni hesabu nzuri kuliko zote katika historia ya redio, maana ndiyo iliyoshusha bei. Ila filamenti moja ikikatika, umeme hauna pa kupita, na zote hupoa.

Kukosa transfoma kulileta hatari pia. Katika nyingi za mwanzo, chasisi, yaani fremu ya chuma ya ndani, iliungwa na waya mmoja wa umeme, na plagi iliweza kuchomekwa upande wowote. Ikichomekwa vibaya, chasisi yote ina umeme. Kilichomkinga msikilizaji ni kasha na vifundo vya plastiki tu. Kifundo kikidondoka, ule mhimili wa chuma ulioachwa wazi unaweza kumrusha mtu. Ukiiokota redio ya aina hii, usiiguse chasisi ikiwa kwenye umeme.

Antena nayo ilifichwa ndani. Badala ya waya mrefu kutoka juu ya paa, walizungusha koili bapa kwenye kifuniko cha nyuma. Koili hiyo hufanya kazi mbili: hunasa mawimbi, na ikishirikiana na kapasita ya kutafutia stesheni, husaidia kuchagua stesheni moja kati ya nyingi. Tena ina upande wake. Igeuze redio taratibu mezani: ukingo wa koili ukielekea mnara wa stesheni, sauti hupanda, ubapa wake ukielekea huko, sauti hufifia.