Je, sindano ya uzazi wa mpango huziba kizazi?

Wanandoa wengi huamini kwamba mwanamke aliyetumia sindano ya uzazi wa mpango hatapata mtoto tena, na imani hiyo ndiyo mara nyingi humfanya mume akatae au mke achomwe sindano kwa siri, kadi ikifichwa chini ya khanga sandukuni.

Imani hii haikuzuka hivihivi. Sindano ya miezi 3 huweza kusimamisha hedhi kabisa, na mtu akiiacha, mimba huchelewa: kwa wastani hutungwa miezi 10 hivi baada ya sindano ya mwisho, na kwa wengine huzidi mwaka. Kuchelewa huko si ugumba. Vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono na kitanzi kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, vikishatolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi mapema zaidi, jambo ambalo ni muhimu kwa wanaotaka kupumzika kuzaa kwa muda mfupi tu.

Anayetaka kuhakikisha asome karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa, au amuulize muuguzi swali mahususi: nikiiacha, mimba huchukua muda gani? Ni vyema mume awepo, ikiwa mke anaridhia, maana majibu ya kusimuliwa hupungua njiani. Na unaposikia habari za jirani aliyekosa mtoto, uliza alikuwa na umri gani, na kama mumewe naye alipimwa, kwa sababu tatizo la mbegu za mwanamume halihusiani kabisa na sindano ya mkewe.