Tokyo mpaka Osaka kwa gari: wengi mnakosea hesabu ya tozo

Mtu akipanga kuendesha Tokyo mpaka Osaka kwa barabara za kulipia (expressway), kama kilomita 500 hivi, anachukua kalkuleta, anazidisha kilomita kwa bei, anagawa kwa spidi, kamaliza. Jamani Japani haiendi hivyo.

"Tozo ni kilomita mara bei." Nusu kweli. Gari dogo la kawaida ni yen 24.6 kwa kilomita (karibu na miji mikubwa inapanda kidogo), unaongeza yen 150 ambayo unalipa kila unapoingia, afu kodi asilimia 10. Ila ukishavuka kilomita 100, zile za kuanzia 100 hadi 200 zinapungua asilimia 25, na za mbele ya hapo asilimia 30. Kwa hiyo kilomita 300 mfululizo zinakuja kama yen 6,800, wakati bila punguzo, ukiweka ile 150 na kodi, kalkuleta ilikwambia 8,280.

Hapo ndo inakuja ile ya "nitoke nikale mjini afu nirudi barabarani, si bei ileile". Siyo ileile. Ukitoka katikati ya hizo 300 unaanza upya, ile 150 unailipa tena na punguzo la umbali linarudi sifuri, unaishia karibu yen 7,770, yaani chakula chako kimekula karibu buku zima la yen kabla hata hujaagiza. Na wala hakuna haja, vituo vya kupumzikia vipo ndani humohumo kila baada ya kilomita 15 hivi, choo kipo, vingi vina na chakula, na hupiti geti.

"Punguzo la usiku mpaka uingie saa sita usiku." Hii ndo naipenda kuliko zote. Punguzo ni asilimia 30 na utaratibu uliozoeleka ni kwamba ukiwa ndani ya barabara dakika yoyote kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri, safari nzima inahesabiwa. Ukiingia saa mbili usiku ukatokea upande wa pili saa nane usiku, umepata. Ndo maana kwenye mageti ya kutokea Tokyo utakuta malori yamejipanga pembeni saa tano na dakika hamsini, taa zinawaka, madereva wamefika zamani ila hawatoki, wanasubiri saa sita igonge. Ikawa kero mpaka serikali ikatangaza mpango wa kuhesabu zile kilomita za usiku tu, kwa hiyo cheki kanuni ya siku unayosafiri.

"Wikendi ni bei nafuu." Kwa magari madogo na pikipiki ndiyo, asilimia 30, ila vipande vya Tokyo na Osaka havimo, na kwenye misimu ya likizo kubwa, Golden Week (mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei), Obon (katikati ya Agosti) na mwaka mpya, punguzo linaondolewa kabisa. Yaani siku unazotaka kusafiri wewe.

"Gari la kukodi lina ETC tayari." ETC ni mfumo wa kulipa tozo kwa kadi bila kusimama getini. Mashine ipo, kadi mara nyingi haipo, na haya mapunguzo ya usiku na wikendi yanataka kadi. Iombe unapobuku. Na getini punguza mpaka spidi 20, kile kizuizi hakikufungukii kwa mbio.

Sasa muda. "Shin-Tomei ni 120, nitawahi sana." Shin-Tomei ni moja ya barabara za kulipia za njia hii, na hiyo spidi ya 120 ni kipande cha mkoa wa Shizuoka tu, kama kilomita 145, kwingi kwingine ni 100 au chini. Ukiikanyaga yote unaokoa kama robo saa. Afu unakuja kuimwaga yote na zaidi kwenye foleni karibu na handaki la Yamato, upande wa Tokyo, ambako mara nyingi hakuna hata ajali, barabara inashuka kidogo inapanda kidogo, dereva hahisi kama gari limepungua mwendo, wa nyuma anagusa breki, wa nyuma yake anakanyaga zaidi, mpaka huko mwisho watu wamesimama kabisa. Jumapili jioni ukiwa unarudi Tokyo ndo balaa lenyewe, bora ukae kwenye kituo ule taratibu mpaka usiku uingie, na ukichelewa ukavuka saa sita, ile asilimia 30 nayo unaipata.