Hakuna gari linaloendeshwa kwa maji

Kwa miaka mingi magrupu ya wapenda magari yamezungushiwa ujumbe kwamba kuna gari linalotembea kwa maji matupu, ila wenye mafuta wanalificha. Si kweli. Maji ni hidrojeni iliyokwisha kuungua. Kuitenganisha na oksijeni hula nishati nyingi kuliko itakayorudi vikiungana tena. Betri inayotoa umeme wa kuvitenganisha ndiyo itakayoishiwa.

Mkanganyiko unaeleweka: magari ya hidrojeni yapo, na bomba lake la nyuma hudondosha maji safi. Lakini hayo ni mabaki. Fungua kitabu cha gari hilo usome linajazwa nini: gesi ya hidrojeni iliyoshindiliwa, mara nyingi hadi shinikizo la baa 700, yaani takriban mara 700 ya shinikizo la hewa ya kawaida.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Kuna wanaouziwa vichupa vya kufunga kwenye injini, eti vigeuze maji kuwa mafuta, kwa sababu yake.