Je, Wajua Kwa Nini Mlima Mmoja Huwa na Udongo Mwekundu Juu na Mweusi Bondeni?

Katika nchi nyingi za joto zenye msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, ukishuka mlima kwa miguu utaona udongo ukibadilika njiani. Juu ni mwekundu, mwepesi, unapondeka mkononi. Katikati ya mteremko wekundu unafifia, unaingia ukahawia, kisha ukijivu. Ukifika bondeni unakanyaga udongo mweusi tititi, mgumu wa kuvunja jembe, uliopasuka nyufa ambazo mkono wa mtu mzima unaingia. Safari nzima pengine haifiki kilomita moja, na ukichimba hadi kwenye mwamba, mara nyingi unakuta mwamba ni uleule juu na chini.

Jibu fupi ni maji. Mvua inayopenya mlimani huyeyusha mwamba polepole na kushuka na sehemu ya kile ilichoyeyusha. Kinachobaki juu ni kitu kimoja, kinachokwama chini ni kingine. Lakini kusema hivyo ni rahisi kuliko kuthibitisha. Mtu anayetaka kuupa ule udongo mweusi jina lake sahihi anahitaji ushahidi wa maabara, wa hali ya hewa na wa umbo la nchi, na kila mmoja wa mashahidi hao watatu akisikilizwa peke yake anaweza kukupotosha.

Tuanze na rangi, maana ndiyo inayowadanganya wengi. Watu huhusisha weusi na mboji, na mboji na rutuba. Kwenye nyika za Urusi na Ukraini hilo ni kweli: udongo mweusi wa huko, chernozemi, ambao Vasily Dokuchaev alitoa kitabu juu yake mwaka 1883 na kuweka msingi wa sayansi ya udongo, umejaa mboji iliyoachwa na mizizi ya nyasi. Udongo mweusi wa mabonde ya nchi za joto ni habari nyingine. Ukipimwa maabara, kaboni yake itokanayo na mimea mara nyingi haifiki asilimia 2, na wakati mwingine hata 1 haifiki. Weusi wake unatokana na mboji kidogo iliyogandamana na chembe za mfinyanzi, yaani chembe ndogo kabisa za udongo, kiasi cha kuzitia giza zote. Kwa hiyo mtaalamu hulinganisha bonge la udongo na vipande vya rangi vya kitabu cha Munsell, akaandika namba yake, kisha akaendelea na kazi. Rangi haimalizi kesi.

Kazi yenyewe huanzia shimoni. Shimo huchimbwa kina cha mita moja na nusu hadi mbili, na ni heri lichimbwe kiangazi, wakati udongo umejikunyata. Juu kabisa kuna chembechembe ngumu zilizolegea. Chini yake nyufa zinashuka wima, nyingine kupita nusu mita, na ukimulika ndani ya ufa utaona chembechembe za juu zimedondokea humo. Hilo ni muhimu. Mvua ikirudi, udongo unavimba, lakini nafasi ya kuvimbia imeshajaa takataka zilizoanguka. Hauna pa kwenda ila pembeni na juu. Mabonge makubwa yanasukumana, yanateleza moja juu ya jingine, na yanasuguana.

Alama za msuguano huo zinabaki. Katika kina cha sentimita 50 hadi mita moja hivi, chomeka ncha ya kisu ukutani mwa shimo na ubandue kipande. Hakitavunjika ovyo, kitaachia kwenye uso mmoja laini, unaong'aa, wenye mikwaruzo iliyonyooka kuelekea upande mmoja. Uso huo haujalala wala haujasimama, umeinama, kwa kawaida kati ya nyuzi 10 na 60, na bonge lenyewe lina umbo la kabari. Ningeambiwa nichague ushahidi mmoja tu wa kuutambua udongo huu, ningechagua huo uso unaong'aa na kuacha mengine yote, kwa sababu hauonyeshi udongo ulivyo tu, unaonyesha ulichokuwa ukifanya kwa miaka mingi. Jina lake la kitaalamu ni vertisoli, na duniani umefunika takriban hekta milioni 335, nyingi zikiwa India, Australia na Sudan. Popote ulipo, nguzo huinama, mabomba hukatika na barabara huvimba kwa sababu ileile.

Maabara nako kuna mambo. Sampuli hukaushwa, hupondwa na kupitishwa kwenye chekeche yenye matundu ya milimita 2. Kipimo cha kwanza ni cha ukubwa wa chembe. Udongo kidogo hulowekwa kwenye maji yenye sodiamu heksametafosfeti, chumvi inayoziachanisha chembe zilizoshikamana, kisha humiminwa kwenye silinda ya kioo ya lita moja na kuvurugwa. Mchanga unatua chini ndani ya dakika moja. Tope laini linafuata. Mfinyanzi hauna haraka: chembe ya milimita 0.002 huchukua kama saa 8 kushuka sentimita 10 tu. Hidromita, kipimo kinachoelea humo ndani, huonyesha ni kiasi gani bado kiko majini, na kutoka hapo hupatikana asilimia ya mfinyanzi. Ili udongo uhesabiwe kuwa vertisoli, mfinyanzi usipungue asilimia 30, na mwingi huzidi 50.

Sasa chukua sampuli ya ule udongo mwekundu wa juu uipime vilevile. Huenda nayo ikasoma asilimia 50, au 60! Kwa tarakimu za mfinyanzi peke yake, udongo wa mlimani na wa bondeni ni ndugu. Lakini mmoja hupasuka na kunata, na mwingine unalimika siku moja baada ya mvua. Hata hiyo namba ya udongo mwekundu yenyewe inaweza kuwa pungufu, kwa kuwa kutu ya chuma hufunga chembe zake katika vijibonge vidogo sana ambavyo ile chumvi hushindwa kuviachanisha vyote, vikatua mapema na kuhesabiwa kama mchanga.

Kinachotenganisha hizi aina mbili ni mfinyanzi wenyewe ni wa madini gani. Bondeni hutawala smektaiti. Kila chembe yake ni matabaka membamba yaliyobebana kama kurasa za daftari, na maji yanaweza kuingia kati ya kurasa na kuzitenga. Mlimani hutawala kaolinaiti, ambayo matabaka yake yameshikana imara. Maji huilowesha nje tu. Njia ya mkato ya kuzijua ni kupima uwezo wa mfinyanzi kushika na kubadilishana madini kama kalsiamu, magnesiamu na potasiamu. Kilo moja ya smektaiti hushika kati ya senti-moli (kipimo cha wingi wa chaji) 80 na 120. Ya kaolinaiti kwa kawaida haizidi 15. Anayetaka uhakika zaidi hupitisha miale ya eksirei: tabaka la smektaiti lina unene wa nanomita 1.4 hivi, na likipakwa glikoli, kimiminika kinachoingia kati ya kurasa zake, linatanuka hadi karibu 1.7, ilhali la kaolinaiti linabaki 0.7, upake usipake.

Kuna na kipimo ninachokipenda kwa sababu hakihitaji mtambo wowote. Udongo uliochekechwa hukandwa na maji hadi uwe uji mzito, ukasukumwa kutoka kwenye bomba la sindano lisilo na sindano ukawa kijiti. Pima urefu wake, kiache kikauke, pima tena. Kijiti kilichokuwa milimita 106 kikiishia 100, tofauti hiyo ikigawanywa kwa urefu wa mwisho ni 0.06, na kuanzia hapo wataalamu huanza kuongea habari ya udongo unaovimba. Kijiti cha udongo mwekundu hakifiki huko, hata kama mfinyanzi wake ni mwingi zaidi.

Maabara, basi, inasema udongo unaweza kufanya nini. Haisemi kama huwa unafanya. Smektaiti iliyo mahali penye unyevu mwaka mzima itabaki imevimba, haitapasuka. Hapo ndipo takwimu za hali ya hewa zinapoingia, na hapa tena kuna mtego: jumla ya mvua ya mwaka haisaidii sana. Milimita 900 zikitandazwa miezi yote 12 zinaleta udongo wa namna moja, zikimwagwa zote ndani ya miezi minne zinaleta wa namna nyingine. Kinachotakiwa ni mvua ya kila mwezi ikipambanishwa na maji ambayo jua na mimea vingeweza kuyarudisha hewani mwezi huohuo, kwa miaka mingi, ili mwaka mmoja mbaya usiharibu hesabu. Katika mfumo wa Marekani wa kuainisha udongo, siku za nyufa kukaa wazi huingia kabisa kwenye jina. Nyufa zenye upana wa milimita 5 au zaidi zikikaa wazi kwa jumla ya siku 90 au zaidi katika mwaka wa kawaida, vertisoli kwa kawaida huwekwa katika fungu la usterti. Zikikaa wazi chini ya siku 90, na nchi haina majira ya joto yasiyo na mvua kama ya Mediterania, huitwa uderti. Udongo ni uleule kwa macho, fungu tofauti, kwa ajili ya kalenda.

Shahidi wa tatu ni nchi yenyewe. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mwanasayansi wa udongo aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, alikuwa akitengeneza ramani ya udongo wa Afrika Mashariki. Aliona kwamba rangi zilijirudia kwa mpangilio uleule kilima baada ya kilima, kiasi kwamba kuchora kila aina peke yake kusingewezekana wala kusingekuwa na maana. Akaamua kuuchora mfuatano mzima kama kitu kimoja, akauita katena. Tangu hapo mtaalamu anayeandika habari za shimo lazima aandike pia limechimbwa wapi kwenye mteremko, mwinuko ukoje, maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

Na katena ndiyo inayofunga maelezo. Juu, maji ya mvua hupita na kuondoka, yakibeba silika (dutu inayounda mchanga), kalsiamu na magnesiamu. Kinachokosa silika hugeuka kaolinaiti, na chuma kisichobebeka kinabaki kikiwa hematiti, madini yenye wekundu wa kutu. Bondeni maji yale yanasimama. Kiangazi yanakauka, na silika na magnesiamu vinazidi kujikusanya, na katika hali hiyo smektaiti hujengeka. Kalsiamu nayo huganda kuwa vijiwe vyeupe vya chokaa. Ukividondoshea tindikali nyepesi vinatoa povu. Vile vijiwe unavyovikuta kwenye shimo la bondeni, kwa sehemu, ni mlima uliosafiri.

Lakini asikwambie mtu kwamba udongo mweusi maana yake ni bonde. Kwenye uwanda wa Deccan nchini India umefunika maeneo mapana juu ya basalti, mwamba ambao tangu mwanzo una kalsiamu na magnesiamu ya kutosha na hauhitaji kuletewa. Gezira nchini Sudan ni tambarare isiyo na mlima wa kuitazama; mfinyanzi wake uliletwa na Mto Nile ya Buluu kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Njia tatu, udongo mmoja. Umbo la nchi likitazamwa bila maabara lingezikosa mbili kati ya hizo.

Kazi inayobaki ni ya mpaka, na hiyo ni ngumu kuliko zote. Mchora ramani huteremka mlima na keekee ya udongo, akitoboa kila baada ya hatua kadhaa kutafuta wekundu unaishia wapi. Mara nyingi hauishii popote. Kuna ukanda wa kati, wa kijivu, wenye nyufa nyembamba na nyuso zinazong'aa kidogo tu, zikianzia chini kuliko inavyotakiwa au chini ya tabaka lenye mfinyanzi pungufu ya asilimia 30. Huo haupewi jina la vertisoli. Huwekwa katika kundi jingine linaloufaa na kuongezewa neno "vertiki" mbele ya jina, ili atakayejenga au kulima hapo ajue kwamba ardhi itamsogea, ingawa si kwa nguvu zote.