Kigari cha mtoto: kipi hasa unachokitafuta?

Neno kigari linachanganya. Mwambie muuza vitu vya watoto Kariakoo kwamba unataka kigari cha mtoto, anaweza kukutolea vitu vitatu tofauti na vyote vikawa sahihi. Kuna kile cha kusukumwa, mtoto amelala au amekaa na wewe uko nyuma. Hicho wengi mjini wanakiita strola. Kuna kile cha kujifunzia kutembea, kiti cha kitambaa katikati ya duara la plastiki lenye vigurudumu, mtoto anajisukuma kwa vidole vyake mwenyewe. Halafu kuna gari la kuchezea, ambalo halina ubaya wowote zaidi ya kelele zake.

Hicho cha katikati tukitenge kabla hatujaendelea. Canada ilipiga marufuku kukiuza na kukiingiza nchini mwaka 2004, kwa sababu watoto walikuwa wanaporomoka nacho ngazini na kuumia vichwa. Mtoto wa miezi minane akipewa magurudumu anafika jikoni kabla hujageuza shingo. Basi kila nitakapoandika kigari hapa chini, nazungumzia cha kusukumwa.

Na hata hicho si kitu kimoja. Dukani vinapangwa pamoja, vimefunikwa nailoni, na swali linaloulizwa ni "kipi kizuri?" Swali hilo halijibiki mpaka tujue mambo mawili: mgongo wa mtoto umefikia wapi, na kigari chenyewe kitapita wapi. Rangi, mfuko wa chupa na jina lililoandikwa ubavuni ni mambo ya baadaye.

Tuanze na mgongo. Mtoto mchanga hajakaza shingo. Inaanza kukaza kuelekea mwezi wa nne, na kukaa bila kuegemezwa kunakuja karibu na mwezi wa sita, wengine mapema kidogo, wengine wakachelewa. Kabla ya hapo ukimweka kwenye kiti kilichosimama, kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinalalia kifua, na njia ya hewa inabanwa. Halii. Ukimtazama utadhani kapitiwa na usingizi mtamu. Kwa sababu hiyo mtoto wa miezi ya mwanzo anahitaji mahali pa kulala chali, pabapa kama kitandani, na kigari cha namna hiyo ndicho kinachoitwa pramu: kitanda chenye kuta, kimewekwa juu ya magurudumu, mara nyingi mtoto akimtazama anayemsukuma.

Pramu ndiyo mzee wa ukoo huu wote. Mwaka 1733 mbunifu William Kent aliwatengenezea watoto wa Duke wa Devonshire, huko Uingereza, kigari chenye umbo la kombe la baharini, cha kuvutwa na mnyama mdogo. Kilikuwa kitu cha anasa, cha kuzungukia bustani. Mwaka 1889 William Richardson wa Baltimore, Marekani, akapata hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, ya kigari ambacho kitanda chake kinageuzwa, ukipenda mtoto akuangalie wewe, ukipenda aangalie aendako. Ukikuta leo dukani kiti kinachochomolewa na kugeuzwa, ujue wazo lile lina zaidi ya miaka 130.

Strola ni kiti. Imetengenezwa kwa mtoto anayekaa. Siku hizi nyingi zina kiegemeo kinacholala, na muuzaji atakuambia kwa kiapo kwamba inafaa tangu siku ya kwanza. Mimi huenda na chupa ya maji ya nusu lita. Nalaza kiegemeo mpaka mwisho, naweka chupa juu yake kwa upana. Ikibingirika kuelekea miguuni, hicho ni kiti kilichoegemea, hakijalala. Kitamfaa mtoto wa miezi sita, mchanga bado. Muuzaji mmoja aliitazama chupa yangu ikiteremka taratibu, akaniambia, "Dada'angu, mtoto si chupa." Ni kweli, lakini shingo yake haina tofauti kubwa na kifuniko kilicholegea.

Kuna pia seti za tatu kwa moja: kitanda, kiti cha strola, na kiti cha mtoto cha kwenye gari, vyote vinapachikwa kwenye fremu ile ile. Ni raha kweli kumtoa mtoto kwenye gari bila kumwamsha. Ila kiti cha gari kimeundwa kwa ajali, mtoto amekunjika ndani yake, hakikuundwa awe kitanda cha mchana kutwa. Mkifika, mtoeni mumlaze.

Sasa uzito, na hapa kuna mtu mmoja wa kushukuriwa na kila aliyewahi kupanda ngazi na mtoto. Owen Maclaren alikuwa mhandisi wa ndege Uingereza. Alishughulikia mfumo wa magurudumu ya kutua ya Spitfire, ile ndege ya kivita ya Vita Kuu ya Pili. Magurudumu ya ndege lazima yakunjike yaingie mahali padogo, halafu yafunguke na kubeba mzigo mzito bila kuvunjika. Mwaka 1965 aliitumia akili ile ile kwenye kigari cha mtoto: mabomba ya alumini yanayokunjika kama mwamvuli, kitambaa katikati, uzito usiofika kilo tatu. Kabla yake, kigari kilikuwa samani. Baada yake, unaweza kukining'iniza mkononi kama kikapu cha sokoni. Strola zote nyembamba za kukunjwa kwa urefu, zenye mishikio miwili iliyopinda kama bakora, ni wajukuu wa kile chake.

Mjukuu huyo ana kasoro moja, na ndiyo inayotuleta kwenye njia. Magurudumu yake ni madogo, magumu, ya plastiki au sponji ngumu. Kwenye sakafu ya uwanja wa ndege yanateleza kama siagi. Ukitoka Sinza ukaingia kichochoro cha mchanga, yanazama. Yale ya mbele yanajigeuza pembeni, fremu inasimama ghafla, na mtoto anatikiswa mbele. Nimeona baba wa watu, shati jeupe la Jumapili, amekigeuza kigari akikivuta kinyumenyume kanisani kama mkokoteni, mtoto ndani anacheka. Alikuwa hajakosea: kwenye mchanga, kuvuta ni rahisi kuliko kusukuma. Alikosea siku ya kununua.

Kwa njia kama hizo kinachotafutwa ni gurudumu kubwa. Mwaka 1984 Phil Baechler, Mmarekani aliyetaka kwenda kukimbia na mwanawe, alifunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari, na ukoo wa magurudumu matatu ukaanzia hapo. Wenyewe kule wanakitumia kwa mazoezi. Sisi faida yetu ni nyingine: tairi pana la upepo linapanda tuta, linavuka mchanga na kumeza kokoto bila kumrusha mtoto. Likipata pancha, fundi baiskeli wa mtaani analiziba kwa muda wa kunywa soda, jambo ambalo huwezi kusema kuhusu gurudumu la plastiki lililopasuka. Bei yake kubwa, na kikikunjwa bado kinajaza buti ya gari dogo. Na kukimbia nacho kwenyewe kusubiri mtoto avuke angalau miezi sita, shingo na mgongo viwe vimeshika, daktari wake akiwa amekubali.

Lakini njia siyo ardhi tu. Jiulize utapanda nini. Daladala saa moja asubuhi haina nafasi ya kigari. Kondakta atakihesabu kama mzigo au atakupungia mkono upishe. Mwendokasi, uliopo Dar es Salaam tangu 2016, kwa umbo unafaa, maana jukwaa la kituo liko usawa na sakafu ya basi na hakuna ngazi ya kupanda, ila msongamano wake wote tunaujua. Mji Mkongwe wa Zanzibar una vichochoro ambavyo kigari cha mapacha walioketi ubavu kwa ubavu kitagusa baraza huku na huku. Mapacha wa kule wanahitaji kile cha mmoja mbele, mwingine nyuma.

Na ndugu zetu walioko Uingereza wana hesabu yao. Kwenye mabasi ya kule kuna nafasi ya kiti cha magurudumu cha mlemavu, na kigari kinaruhusiwa kukaa pale ikiwa wazi. Akiingia mwenye kiti chake, yeye ndiye mwenye nafasi. Suala hilo lilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2017 majaji wakasema dereva asiishie kuomba tu mwenye kigari apishe. Akikataa bila sababu, dereva afanye zaidi ya hapo. Kwa hiyo mama aliye London, mtoto mkono mmoja, begi begani, anahitaji kigari kinachokunjika kwa mkono uliobaki. Kile kikubwa chenye magurudumu ya baiskeli, ambacho kingekuwa mkombozi Tandale, kule kitamshusha kituo cha katikati akisubiri basi linalofuata.

Kuhusu usalama nitakuwa mfupi, isipokuwa penye jambo. Mkanda uwe wa pointi tano: mabegani mawili, kiunoni mawili, katikati ya miguu mmoja. Wa pointi tatu unamwachia mtoto mjanja asimame ndani, na wote wajanja. Breki ifunge magurudumu yote mawili ya nyuma kwa kukanyaga mara moja. Ijaribu kwenye mteremko. Usining'inize mfuko wa sokoni kwenye mishikio, hasa kwenye vile vyepesi, kwa sababu mtoto akinyanyuliwa kigari kinapiga chali, na siku atakapokuwa bado ndani kitakwenda naye. Viungo vya kukunjia ni mkasi. Mwaka 2009 vigari vipatavyo milioni moja vya Maclaren vilirudishwa Marekani kwa ajili ya marekebisho baada ya watoto kadhaa kukatwa ncha za vidole kwenye bawaba. Kwa hiyo kabla ya kukikunja au kukifungua, jua mikono ya mtoto iko wapi, na ya kaka yake anayependa kusaidia pia.

Penye jambo ni kanga. Jua likiwa kali, wengi wetu tunatandaza kanga juu ya kigari, kutoka kwenye kivuli chake cha juu mpaka miguuni, mtoto apate kiza alale. Ni upendo, na ni hatari. Gazeti la Uswidi la Svenska Dagbladet lilipima jambo hili mwaka 2014: kigari kilichokuwa na nyuzi 22 ndani, kilipofunikwa kitambaa chepesi, kilifika nyuzi 34 kwa nusu saa, na baada ya saa nzima 37. Hiyo ni Uswidi. Kanga ni pamba nyepesi, mkononi inapitisha upepo, lakini ikifunga uwazi wa kigari, hewa ya ndani haina pa kutokea. Nunua kigari chenye kivuli kirefu kinachoshuka mbele, chenye dirisha la wavu nyuma, na kigari kilipe jua mgongo. Kanga ibaki ya kumfutia jasho.

Bibi yangu hakuwahi kukielewa kigari. "Mtoto anakaa mgongoni," alikuwa anasema, na kwa njia za kijijini kwake alikuwa sahihi kabisa. Mbeleko inapita popote mama anapopita, haipati pancha, na mtoto anasikia pumzi yako. Sioni kwa nini mtu achague kimoja. Kigari ni cha safari yenye njia na mzigo, mbeleko ni ya kwingine kote. Familia inayoishi ghorofa ya nne bila lifti, barabara ya vumbi hadi kituoni, pengine haihitaji kigari hata kidogo mpaka mtoto afike kilo kumi na mgongo wa mama uanze kulalamika.

Wengi wetu mwisho tunanunua mtumba, na hakuna aibu. Vingi vimetoka Ulaya, na ukigeuza kitako utakuta kibandiko chenye EN 1888, kipimo cha usalama cha kule, au ASTM F833 kama kimetoka Marekani. Soma na uzito wa juu unaoruhusiwa: vingi vinaishia kilo 15, vingine vinafika 22. Halafu usikiangalie, kitumie. Mwezi uliopita nilimsindikiza wifi yangu kununua. Kilikuwa kizuri, cha buluu, kimeoshwa mpaka kinang'aa, elfu tisini. Nikakisukuma kwa mkono mmoja hatua kumi kwenye sakafu: kikaenda kushoto. Nikarudia, kushoto tena. Nikamwomba kaka muuzaji akikunje. Akakikunja. Nikamwomba akifungue, akavuta, akatikisa, akaweka goti. Kile kijino cha kufungia fremu, kinachotakiwa kulia "ta!" kikikaa mahali pake, hakikulia. Bila kijino hicho fremu inaweza kujikunja yenyewe mtoto akiwa ndani.

"Nitakupunguzia, dada. Chukua sitini."

Wifi alikuwa ameshafungua pochi. Nilimshika mkono tukaenda duka la pili.